Kibali cha mtafiti kimlinde anayebaki

Karatasi ya ordre de mission ina pande mbili. Mbele kuna jina la mtafiti, chuo kilichomtuma, sababu ya safari, tarehe ya kwenda na ya kurudi, na saini ya mkuu wa chuo. Nyuma ni patupu siku ya kuondoka. Siku ya kurudi hapana hata nafasi ya kuweka kidole. Kila ofisi aliyopitia imegonga muhuri wake, ameonwa alipofika, ameonwa alipoondoka: meya, komini, shefu wa kartie, idara ya uhamiaji ambayo sote tunaiita DGM, idara ya upelelezi ambayo ni ANR, polisi, jeshi. Nafasi ikiisha, unabana karatasi ya pili kwa pini na mihuri inaendelea.

Nafundisha katika chuo kimoja hapa Beni, mashariki mwa Kongo, naishi Bungulu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya riziki yangu imetokana na kufanya kazi na watafiti wanaotoka Ulaya, Marekani na kwingineko Afrika. Wao wanakuja na maswali na fedha. Mimi najua Kinande, najua njia ya Oicha na ile ya Mangina, najua mama gani yuko tayari kuzungumza na yupi tumwache kwanza apumue. Nimezibeba karatasi hizo mpaka naweza kuutambua muhuri wa ofisi kwa rangi ya wino wake. Ninachotaka kusema ni hiki: ukaguzi wa usalama kwa watafiti wa kigeni ni wa lazima mahali kama hapa, nami siko upande wa wanaotaka ufutwe. Lakini jinsi unavyofanywa, unazilinda ofisi na kuwaacha watu. Hakuna hata muhuri mmoja unaouliza: mgeni akishapanda ndege Mavivi, au akishavuka Kasindi kwenda Uganda, nini kitampata aliyemjibu?

Wapo wanaosema vizuizi vyote viondolewe. Nimewasikia katika mikutano ya vyuo, hasa wageni waliochoka kusubiri kwenye benchi: elimu haina mipaka, mtafiti si jasusi, mwacheni afanye kazi yake. Uchovu wao nauelewa, ila wao hawalali hapa. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameuawa kwa mapanga na risasi, shambani, barabarani na ndani ya nyumba zao. Mauaji ya Rwangoma, Agosti 2016, yalitokea ndani ya mji wenyewe. Juni 2021 bomu lililipuka kanisani, na Desemba ya mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jingine likalipuka kwenye baa iliyokuwa imejaa watu wanaosherehekea. Mgeni anayeingia mtaani na kuuliza nani alipita hapa usiku, jeshi lilifika saa ngapi, shamba hili la nani na mwenyewe yuko wapi, anauliza mambo ambayo hata wauaji wangependa kuyajua. Jirani yangu akimwona mtu huyo bila kuambiwa neno na shefu wa kartie, ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kupiga simu.

Tena tuko katika état de siège. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri zinaongozwa na wanajeshi na polisi badala ya viongozi wa kiraia. Na tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa mkoa umehamia hapa Beni. Saini ambazo zamani tulizifuata Goma sasa tunazifuata kwa pikipiki, asubuhi, na kurudi nyumbani kupika. Nafasi ya kurekebisha jambo hili imetufikia mlangoni, ndiyo maana naandika sasa.

Basi muhuri uwepo. Tubishane juu ya maswali yake.

Mara nyingi maswali ni haya: wewe nani, nani amekutuma, fedha umepewa na nani, utakaa siku ngapi, hoteli gani, gari la nani. Ni maswali ya haki, lakini yote yanaishia kwa mgeni. Mimi ninayesimama pembeni yake naonekana katika mstari mmoja wa chini, "akifuatana na", na mara nyingine sionekani kabisa. Kijana wa pikipiki hayupo. Mama atakayehojiwa hayupo. Na daftari halipo.

Daftari ndilo zito kuliko yote. Siku moja tulikuwa tukirudi mjini na mtafiti wa chuo kimoja cha Ulaya, dada mwenye adabu na bidii aliyekuwa akiandaa tasnifu yake ya udaktari. Kwenye bariyeri moja kijana mwenye sare aliisoma karatasi yake mbele na nyuma, akatosheka, akamrudishia. Kisha akaomba begi. Hakuomba lake, aliomba langu. Ndani mlikuwa na daftari la shule, lile la karatasi za miraba, ambamo nilikuwa nimeandika mazungumzo yetu na wajane: jina, kijiji, idadi ya watoto, na maneno yao kama walivyoyasema. Kijana akamwita mkubwa wake. Mkubwa akalifungua, akasoma taratibu midomo ikicheza, akatoa simu na kuanza kupiga picha, ukurasa baada ya ukurasa, akilainisha kila karatasi kwa kiganja ili maandishi yaonekane vizuri. Nikamwambia, "Afande, haya ni mambo ya chuo. Hawa wamama nimewaahidi siri." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, siri ya nini, na karatasi zenu ziko sawa?"

Hakuwa amevunja amri yoyote anayoijua, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo: hakuna amri ya kuvunja. Kibali cha mgeni kilikuwa kamili, kila muhuri mahali pake, na hakikuwa na neno hata moja juu ya maneno ya wamama waliotuamini. Mmoja wao alikuwa amenitajia mtu mwenye cheo aliyenunua mbao kutoka msitu ambako mume wake aliuawa. Jina la mama na jina la mtu huyo yalikuwa sasa ndani ya simu ya mtu nisiyemjua, ambaye angeweza kuwaonyesha wengine nisiowajua. Yule dada aliruka wiki iliyofuata, akilia kwa kweli, maana alielewa. Mama yule bado anapalilia kakao yake palepale.

Siku hizi majina hayaingii daftarini. Kila mama nampa jina la zao, Kakao ya Mtoni, Vanila, Muhogo Mweupe, na orodha ya nani ni nani inakaa mbali na begi langu. Wenzangu wa Butembo na Bunia wana mbinu zao. Lakini mbinu ya mwalimu mmoja haiwezi kuitwa ulinzi. Siku ambayo msaidizi mchanga, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepewa dola chache kwa siku, atatumwa kijijini bila mtu wa kumfundisha mbinu hizo, nani atawajibika? Mkuu wa chuo aliyesaini? Profesa aliye maelfu ya kilomita kutoka hapa?

Wanaobaki husahauliwa hata wakifa. Tarehe 12 Machi 2017, Michael Sharp, Mmarekani, na Zaida Catalán, raia wa Uswidi na Chile, waliuawa karibu na Bunkonde, huko Kasai ya Kati. Walikuwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, wakichunguza mauaji yaliyokuwa yakiendelea kule. Dunia ilijua majina yao, na ilistahili kuyajua. Walikuwa wamefuatana na mkalimani, Betu Tshintela, na waendesha pikipiki watatu. Kesi ikachukua miaka, na Januari 2022 mahakama ya kijeshi ya Kananga iliwahukumu adhabu ya kifo washtakiwa wapatao hamsini. Kila mwaka darasani nauliza nani amewahi kusikia habari hiyo. Mikono mingi inanyooshwa kwa Sharp na Catalán. Kwa Tshintela darasa linanyamaza, na hao ni Wakongo, vijana ambao kesho wataajiriwa kuwa wakalimani.

Butembo iko karibu zaidi, na huko jeraha ni letu wenyewe. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, alipigwa risasi ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben akiwa kwenye mkutano na wenzake. Huyu alikuja kupambana na Ebola kwa ajili yetu, na ruhusa zote alikuwa nazo. Muhuri haukuweza kuizuia risasi. Waliomuua hawana udhuru, na sitawatafutia. Lakini anayetaka kuelewa hali ya mji siku zile lazima akumbuke kilichotangulia. Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo walinyimwa kura ya rais kwa sababu ya Ebola na usalama, huku makanisa na masoko yakiendelea kujaa. Waliona misafara ya magari mapya na walinzi wenye bunduki. Waliona nyumba zikikodishwa kwa bei ambazo mwalimu hazifikii. Mtaani ugonjwa ule uliitwa biashara. Maelfu ya mihuri ilikuwa imegongwa, na ni wachache waliokuwa wamekaa chini na wamama wa soko kuwaeleza nani amekuja, anafanya nini, na kwa nini.

Nayasema haya nikijua vizuri faida ya watafiti wa nje. Novemba 2018 ulianza hapa Beni utafiti wa dawa nne za Ebola, ukaendelea Mangina, Katwa na Butembo, ukiendeshwa na INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na Wamarekani. Agosti 2019 ukatoa jibu: dawa mbili kati ya hizo nne zilikuwa zikiokoa watu zaidi ya nyingine. Moja, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Janga la hapa kwetu lilidumu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, likaambukiza watu zaidi ya 3,400 na kuua karibu 2,300. Katikati ya vifo hivyo, wagonjwa wa mji huu waliofikiria kwamba wanakufa walikubali kujiunga na utafiti, na leo daktari yeyote duniani anayetibu Ebola anatumia elimu iliyotoka kwenye vitanda vyetu. Anayesema tuwafungie mlango watafiti wa kigeni hajui kilichopatikana hapa, au amesahau.

Ila janga hilohilo lilituonyesha mwanya mwingine. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti juu ya wanawake wa mikoa yetu walioahidiwa kazi kwa kubadilishana na miili yao, na wengine waliobakwa. Ilitaja watuhumiwa 83, Wakongo na wageni, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Hao walikuwa watu wa beji, watu waliofunguliwa kila bariyeri. Ukaguzi wa usalama uliwauliza majina, mataifa na magari, ukawapitisha. Usalama wa msichana anayefua nguo kwenye nyumba ya wageni haukuwa katika fomu.

Kuna upande mwingine wa jambo, na hapo nawageukia wakubwa wetu. Machi 2016 Kundi la Utafiti kuhusu Kongo, lililo chini ya Chuo Kikuu cha New York, lilitoa ripoti juu ya wauaji wa Beni. Ilisema kwamba wauaji si kundi moja tu linalotajwa kila siku, na kwamba baadhi ya maofisa wa jeshi letu walihusika. Mwezi uliofuata mkuu wa kundi hilo, Jason Stearns, alifukuzwa nchini. Ripoti ile ina mambo ya kubishaniwa, na sisi hapa tuliyabishania usiku kucha. Ripoti hujibiwa kwa ripoti. Kumfukuza mwandishi hakukufuta sentensi hata moja. Aliendelea kuandika akiwa nje, kwa sauti kubwa zaidi. Walionyamazishwa ni waliobaki. Vijana wa Beni waliokuwa wakikusanya habari walielewa kwamba kibali ni kitu kinachoweza kunyang'anywa kwa sababu ya matokeo, na mwalimu anayelisha familia huchagua mada yake ipasavyo. Najua wanafunzi wazuri walioacha kuandika juu ya mauaji wakahamia kilimo cha maharagwe. Maharagwe ni mada njema. Mada ile nyingine bado inatusubiri.

Tukitazama majirani, hatukosi cha kujifunza. Tanzania ina COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya ina NACOSTI, kwa sheria ya 2013. Uganda, hapo ng'ambo ya Mpondwe, ina Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ambalo hupeleka jalada la mtafiti Ofisi ya Rais kwa ukaguzi wa usalama. Kwa hiyo wote wanakagua. Wenzetu wa Kampala na Nairobi wanalalamika juu ya ucheleweshaji na ada, na nawaamini. Hata hivyo kuna jambo moja wamelipata: anayefungua jalada ni mtu wa sayansi, na mgeni hapiti bila taasisi ya wenyeji inayomjua. Nairobi inadai pia nakala ya ripoti ya mwisho. Kwetu mtafiti anaweza kuwa na barua ya wizara kutoka Kinshasa, lakini akifika Beni karatasi yake inasomwa na watu ambao hawajapewa hata mafunzo ya siku moja juu ya utafiti ni nini. Ukiwauliza dodoso ni kitu gani, wanafikiri ni orodha ya wanachama. Nimeshaulizwa chama chetu kinagombea jimbo gani.

Na tusione haya kuuliza maswali magumu, maana sisi tunaulizwa. Kijana wa Butembo akitaka kusoma Uingereza baadhi ya masomo ya sayansi, tuseme yanayogusa virusi au nyuklia, lazima kwanza apate cheti kiitwacho ATAS kutoka wizara yao ya mambo ya nje. Utaratibu huo ulianza mwaka 2007 kwa wanafunzi, na Mei 2021 ukapanuliwa hadi kwa watafiti. Mmarekani, Mjapani na raia wa Umoja wa Ulaya wamesamehewa. Mkongo hajasamehewa, naye anatoka nchi iliyokuwa na kinu cha nyuklia cha utafiti pale Kinshasa tangu mwaka 1959, cha kwanza barani, na ambayo urani yake ya Shinkolobwe iliingia katika bomu la Marekani. Ubaguzi huo unaniuma. Lakini angalia wanachouliza. Fomu ni moja, haina malipo, masharti yake yanasomwa na kila mtu, na swali lake kubwa ni hili: elimu utakayoipata hapa itakwenda wapi, na inaweza kumdhuru nani? Swali hilo ndilo tungepaswa kumuuliza kila anayekuja kwetu na kinasa sauti. Badala yake tunamuuliza hoteli.

Tunauliza na mengine ambayo hayamo katika sheria yoyote. "Mama, na soda yetu?" Nimeisikia kauli hiyo katika ofisi ambazo sitazitaja, kutoka kwa watu ambao najua mishahara yao inavyochelewa. Mgeni hutoa, maana anaogopa kupoteza siku. Mtafiti wa Kikongo asiye na mfadhili hawezi, hivyo ukaguzi uliowekwa kwa ajili ya wageni unamfungia mwenyeji njia. Na mwenyeji ambaye sura yake au jina lake vinawafanya watu wamdhanie anatoka upande wa pili wa vita, huyo hata soda haimwokoi. Nimemsindikiza mwenzangu wa namna hiyo, mwalimu aliyezaliwa na kusoma Kongo, mwenye kitambulisho na barua ya chuo. Alikaa kwenye benchi saa nyingi huku mgeni mweupe tuliyekuwa naye akipita kwa tabasamu. Tukichuja watu kwa pua zao tutawaumiza wasio na hatia na kumpitisha mwenye nia mbaya aliyevaa vizuri.

Napendekeza meza moja. Vyuo vya hapa, Graben ya Butembo, UCBC na Semuliki za Beni, na wenzao, wakae pamoja na DGM, ANR na mwakilishi wa gavana, jalada lifunguliwe na chuo, lisomwe mara moja, na mtafiti atoke na karatasi moja inayoheshimiwa kuanzia Lubero hadi Eringeti. Bei iandikwe ukutani na ilipwe benki. Wapo watakaosema walimu nao wataigeuza meza hiyo kuwa soko. Hofu hiyo ina msingi, nami sijioni malaika. Kwa hiyo orodha ya vibali vyote ibandikwe kwenye ubao wa kila chuo: mada, majina, siku jalada lilipoingia na siku lilipotoka. Mwanafunzi yeyote apite, asome, ahesabu.

Juu ya daftari sitalegeza. Begi lipekuliwe, kama kila begi linavyopekuliwa, maana bomu linaweza kufichwa popote. Lakini mtu wa bariyeri asisome maandishi ya mahojiano, asipige picha, asisikilize sauti zilizorekodiwa. Akishuku, alifunge daftari katika bahasha mbele ya mtafiti, wote wawili waweke saini juu ya gundi, na lifunguliwe kwa amri ya maandishi ya mwendesha mashtaka, mwakilishi wa chuo akiwepo. Ofisa mmoja niliyemweleza wazo hili aliniambia wauaji nao watajificha nyuma ya madaftari. Nilimjibu kwamba muuaji haombi kibali, haandiki majina ya wajane wala haulizi idadi ya watoto. Sheria ya bahasha haimzuii mpelelezi kufanya kazi yake. Inamzuia mtu mmoja mwenye simu kushika peke yake maisha ya kijiji kizima.

Na kibali kimfuate mtafiti mpaka mwisho. Kabla hajapewa cha pili, arudi kijijini au atume mwenzake wa hapa aeleze alichokipata, kwa Kiswahili au kwa Kinande, mbele ya watu waliomjibu. Kama alichukua damu, udongo au mbegu, karatasi iseme vimekwenda maabara gani. Wamama wa Oicha wameniuliza mara nyingi, "Wale watu wako, yale tuliyowaambia waliyapeleka wapi?" Ningependa kuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Vyuo vya nje havitaokoka kwa kutulaumu sisi tu. Kamati zao za maadili humbana mwanafunzi wao kwa maswali mengi: umepata chanjo, una simu ya setilaiti, nani atakuondoa ukiumia. Bima yake inalipia hata ndege ya kumtoa. Msaidizi wake wa Kikongo analipwa kwa siku, bila mkataba, na jina lake likipata bahati linaingia kwenye shukrani za ukurasa wa mwisho. Watafiti wa Bukavu, akina Emery Mudinga na Godefroid Muzalia, wameyaandika haya wazi pamoja na wenzao wa Ubelgiji katika kitabu cha mwaka 2020 kiitwacho La Série Bukavu, kwa hiyo hakuna profesa wa Ulaya anayeshughulika na Kongo anayeweza kusema hakuambiwa.

Wakuu wa vyuo vya Beni na Butembo hawana haja ya kuisubiri Kinshasa ili waanze. Barua ya kumpokea mgeni wanaiandika wao. Tangu mwaka wa masomo ujao wanaweza kukataa kumpokea mtafiti yeyote ambaye jalada lake halina jina la msaidizi wake kama mtafiti mwenza, jina la mwendesha pikipiki, na namba ya bima ya kila mmoja wao. Mtafiti mwenye haraka atalalamika, na chuo chake kitaandika barua ya kuuliza kwa nini gharama zimepanda. Wajibiwe kwa bei: bima ya watu wawili zaidi, kwa siku watakazokuwa barabarani, inatoka katika mfuko uleule unaolipia hoteli.